Kusahau Si Uzembe: Kutoka kwa Panya wa Montreal hadi Nyani wa Masai Mara

  Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu hulicheka hadharani lakini huliogopa moyoni, nalo ni kusahau.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikihudumu katika kliniki ya watoto, na mama mmoja akaleta mtoto kwa chanjo akiwa amechelewa wiki tatu. Ilikuwa mara ya pili. Nilimkaripia mbele ya akina mama wenzake: "Mama, tarehe imeandikwa kwenye kadi! Kichwa chako kiko wapi?" Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Sista, hata mimi najiuliza. Natoka nyumbani kununua chumvi, nikifika dukani nimesahau kilichonipeleka." Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Nilipompima, presha ilikuwa juu, na uzito wake ulikuwa umepanda kilo 14 tangu ajifungue mtoto wa kwanza. Nilipomuuliza hali ya nyumbani, alinieleza kwamba mumewe alikuwa amepoteza kazi, mama mkwe alikuwa amepooza na wote waliishi chumba kimoja, na yeye alikuwa akipata usingizi wa saa tatu au nne tu kila usiku. Mimi nilikuwa nimemgombeza mtu ambaye mwili wake ulikuwa ukipiga kengele ya hatari mchana na usiku.

Siku hiyo nilirudi kwenye vitabu. Nataka nikusimulie niliyoyasoma: jinsi madaktari na wanasayansi walivyogundua, hatua kwa hatua, kwamba mawazo mengi na mafuta ya tumboni huweza kugusa kumbukumbu ya mtu. Hadithi hii inaanzia ng'ambo, lakini sehemu yake kubwa ilitokea hapa kwetu Kenya.

Mwanamke mwenye uso wa mviringo

Mwaka 1912, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Marekani, Harvey Cushing, aliandika habari za mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa na ugonjwa wa ajabu. Uso wake ulikuwa umevimba ukawa mviringo kama mwezi. Tumbo lilikuwa limejaa mafuta, na hedhi yake ilikuwa imekatika. Mwaka 1932 Cushing alichapisha maelezo ya wagonjwa 12 wa namna hiyo, akasema chanzo ni uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Hadi leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Cushing hakujua bado ni kitu gani hasa kilichozidi katika damu ya wagonjwa hao. Jibu lilikuja baadaye. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayokaa kama kofia, iitwayo adrenali. Edward Kendall wa Marekani na Tadeus Reichstein wa Uswisi walifanikiwa kuzitenganisha homoni za tezi hiyo, na mwaka 1950 wao pamoja na daktari Philip Hench walipewa tuzo ya Nobel. Homoni moja kubwa miongoni mwao ni kortisoli. Wagonjwa wa Cushing wana kortisoli nyingi kupita kiasi.

Mkumbuke mwanamke huyu, mwenye tumbo kubwa na homoni nyingi. Tutarudi kwa wagonjwa kama yeye.

Panya wa Montreal

Mwaka 1936, daktari kijana aliyezaliwa Vienna, Hans Selye, alikuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada. Aliwatesa panya kwa njia mbalimbali: wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa dawa za sumu. Alitarajia kila taabu ilete madhara yake. Lakini alipowapasua, aliona mambo matatu yale yale. Tezi za adrenali zilikuwa zimevimba, tezi ya kifuani inayosaidia kinga ya mwili ilikuwa imesinyaa, na tumbo lilikuwa na vidonda.

Selye akafahamu kwamba mwili una namna moja ya kujibu taabu za kila aina. Yeye ndiye aliyelieneza katika udaktari lile neno la Kiingereza ambalo sisi tunalisema msongo wa mawazo au mfadhaiko.

Usielewe vibaya, mama. Kortisoli si adui. Mwizi akigonga mlango usiku, ndiyo inayosaidia kumwaga sukari kwenye damu ili misuli yako ipate nguvu ya kukimbia au kupiga mayowe. Hofu ya muda mfupi hata hukaza kumbukumbu, ndiyo maana huwezi kusahau siku mtoto alipoanguka kisimani. Taabu inaanza pale kengele inapokataa kunyamaza: karo leo, kodi kesho, ugomvi kila jioni, mgonjwa kila usiku. Mwizi huondoka, lakini deni hulala nawe kitandani.

Karani wa ubongo

Sasa tuje kwenye kumbukumbu yenyewe. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford huko Marekani, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa alifanyiwa upasuaji. Daktari William Scoville alimtoa sehemu fulani za ubongo, kulia na kushoto, ikiwemo kubwa ya sehemu iitwayo hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini kijana huyo hakuweza tena kuweka jambo jipya akilini. Alikumbuka mambo ya utotoni, akazungumza vizuri, akajibu kwa adabu. Ila ukitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, anakusalimia kama mgeni.

Mtaalamu wa saikolojia, Brenda Milner kutoka Montreal, alimchunguza kwa uvumilivu, na mwaka 1957 yeye na Scoville wakachapisha habari zake. Kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi mbili tu, H.M. Alipofariki mwaka 2008 ndipo jina lake, Henry Molaison, likatangazwa. Kupitia kwake dunia ilijifunza kwamba hipokampasi ni kama karani wa zahanati anayeandika wagonjwa wapya daftarini. Karani asipokuwepo, madaftari ya zamani yanabaki kabatini, lakini ya leo hayaandikwi.

Basi mwaka 1968 mtafiti Bruce McEwen wa New York, pamoja na wenzake, akafanya jambo lililounganisha hadithi hizi mbili. Aliwadunga panya homoni ya msongo iliyotiwa alama ili aone inakwenda wapi ndani ya ubongo. Ilikwenda kukusanyika kwenye hipokampasi, kwa yule karani. Kumbe homoni ya hofu na kumbukumbu vilikuwa na mlango mmoja.

Nyani wa Mara na tumbili wa vizimbani

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Mwaka 1978 kijana Mmarekani, Robert Sapolsky, alifika Masai Mara kuchunguza nyani. Baadaye alisomea chini ya McEwen, lakini kwa miaka mingi aliendelea kurudi Mara. Aliwalenga nyani kwa vishale vya dawa ya usingizi, akachukua damu, akapima kortisoli. Aliona kwamba madume wa tabaka la chini, wanaoonewa na kufukuzwa kila siku bila kujua kipigo kitatoka wapi, mara nyingi walikuwa na kortisoli ya juu hata wakati wa utulivu.

Mwaka 1989 Hideo Uno, Sapolsky na wenzao, baadhi yao wakiwa watafiti wa hapa Kenya, walichapisha habari za kusikitisha. Tumbili waliokuwa wamekamatwa mwituni na kufungwa kwenye kituo cha utafiti hapa nchini walikuwa wamekufa wenyewe kizimbani. Walikuwa na alama za kuumwa na wenzao, maana walionewa na hawakuwa na pa kukimbilia. Walikuwa na vidonda vya tumbo na adrenali zilizovimba, kama panya wa Selye. Na walipofunguliwa ubongo, seli za hipokampasi zilionekana zimeharibika.

Tazama neno hilo, mama: hawakuwa na pa kukimbilia. Mateso ya siku moja hayakuwaua. Waliuawa na mateso yasiyokuwa na mlango. Ukikaa katika nyumba ya kupigwa au kutukanwa kila siku, usidhani ni moyo tu unaoumia.

Lakini Mara ilitoa fundisho la pili. Katikati ya miaka ya 1980, kundi moja la nyani lilipata kifua kikuu kutokana na nyama mbovu iliyotupwa kwenye jalala la hoteli ya watalii. Waliokufa ni madume wakali waliokuwa wakienda kupigania chakula hicho. Walibaki majike, watoto na madume wapole. Kundi likawa tulivu, na utulivu huo ukadumu hata madume wapya walipojiunga nalo. Sapolsky na Lisa Share walipoandika habari hiyo mwaka 2004, walieleza kwamba madume wa tabaka la chini katika kundi hilo hawakuwa na zile dalili za msongo walizokuwa nazo wenzao wa makundi mengine. Nyumba ikitulia, hata aliye chini hupumua.

Jalala la Amboseli

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mawazo. Na unene je? Twende tena mbugani, safari hii Amboseli, ambako Jeanne Altmann na wenzake wamefuatilia nyani tangu mwaka 1971. Huko pia kulikuwa na nyani waliozoea jalala la hoteli. Hawakuhangaika kutafuta chakula, walikula mabaki na kulala. Mwaka 1993 watafiti walichapisha vipimo vyao. Majike wanaotafuta chakula porini walikuwa na mafuta ya mwili karibu asilimia 2. Wale wa jalalani walikuwa na asilimia 23 hivi. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba nyani walionenepa kwa chakula kingi walikuwa na insulini nyingi zaidi katika damu. Hiyo ni dalili ya kuelekea kwenye ugonjwa wa sukari.

Je, hadithi hiyo haifanani na yetu tunapohamia mjini? Kule nyumbani tulitembea hadi mtoni na shambani, tukala githeri na mboga. Mjini tunapanda matatu, tunakaa dukani kutwa, na chakula rahisi ni chipsi, mandazi na soda.

Kortisoli nayo husaidia jambo hilo. Mtu mwenye msongo wa muda mrefu mara nyingi hutamani vitu vitamu na vya mafuta, na mafuta hayo hupenda kukaa tumboni. Mafuta ya ndani ya tumbo hayakai kimya kama akiba. Humwaga kemikali zinazoleta uvimbe wa ndani kwa ndani, hufanya mwili usiisikie insulini, na kwa miaka hudhuru mishipa ya damu. Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayolisha ubongo. Kwa hiyo mawazo huleta tumbo, tumbo huleta maradhi, maradhi huleta mawazo, na yule karani anaumia katikati.

Ushahidi kwa wanadamu

Mwaka 1992 Monica Starkman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan waliwapiga picha za ubongo wagonjwa 12 wa ule ugonjwa wa Cushing. Wale wenye kortisoli nyingi zaidi walielekea kuwa na hipokampasi ndogo zaidi, na wenye hipokampasi ndogo walipata taabu zaidi kukumbuka maneno.

Mwaka 2005 Rachel Whitmer na wenzake huko California walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 10,000 waliopimwa wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 45, kisha wakafuatiliwa hadi uzeeni. Waliokuwa na unene wa kupindukia walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 74, ya kupata ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni kuliko wenye uzito wa kawaida. Mwaka 2008 walitazama tumbo peke yake. Waliokuwa na matumbo makubwa zaidi walikuwa na hatari karibu mara tatu ya wale wenye matumbo madogo.

Nasema hatari, sisemi hukumu. Si kila mnene husahau, na si kila msahaulifu ni mnene. Ila ni jambo la kutushtua, maana takwimu za afya za Kenya zinaonyesha kwamba mwaka 2008 hadi 2009 mwanamke 1 kati ya 4 wa umri wa kuzaa alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 wakawa 1 kati ya 3.

Sisi wenyewe tumechangia. Mke akinenepa tunasema mume anamtunza. Miaka ile ukimwi ulipotumaliza, aliyekonda alinong'onwa, na wengi walikula kwa nguvu ili majirani wanyamaze. Wengine hadi leo hununua vidonge vya kunenepesha au krimu za kujichubua ambazo ndani yake mna dawa za jamii ya kortisoli. Mama, ukizitumia kwa muda mrefu unaweza kujiletea ugonjwa ule ule wa Cushing kwa pesa zako. Na kama umeshazitumia sana, au daktari alikuandikia dawa za aina hiyo kwa pumu au baridi yabisi, usiziache ghafla. Nenda kituo cha afya uelekezwe, maana kuziacha ghafla ni hatari.

Habari njema

Yule karani anaweza kurudishiwa nguvu. Mwaka 1999 Starkman na wenzake walieleza kwamba wagonjwa wa Cushing walipotibiwa na kortisoli ikashuka, hipokampasi iliongezeka tena ukubwa. Na mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wazee 120. Nusu yao walitembea kwa miguu dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi, wakati za wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu zilipungua. Hawakutumia mashine wala vidonge, walitumia miguu yao tu.

Basi ufanye nini?

Kwanza, pima. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni. Kwa mwanamke ambaye si mjamzito, ikizidi sentimita 80 hatari imeanza, ikizidi 88 imekuwa kubwa. Pima pia presha na sukari.

Pili, tembea. Shuka matatu kituo kimoja kabla. Fueni au chama chenu kianze na matembezi kabla ya kuketi kuhesabu pesa.

Tatu, punguza sukari kwenye chai, soda na vyakula vya kukaangwa. Sukuma wiki, maharagwe, omena na matunda ya msimu havihitaji mshahara mkubwa.

Nne, tafuta usingizi na msaidizi. Anayemuuguza mgonjwa usiku kucha anahitaji zamu. Waite ndugu wa mume, waite watoto wakubwa, sema bila haya. Na ukiwa katika nyumba ya kupigwa, mweleze muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii au chifu.

Tano, usijitibu kwa kubahatisha. Kusahau huweza kutokana na upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito baada ya kujifungua, au dawa fulani. Mtu akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Yule mama wa kliniki nilimwomba msamaha siku ile ile, mbele ya foleni iliyomcheka. Tuliandika tarehe ya chanjo kwenye kalenda ya ukutani kwake kwa kalamu nyekundu, na mhudumu wa afya ya jamii akawa anampitia. Wifi yake alikubali kumlalia mgonjwa usiku mara mbili kwa wiki. Alianza matibabu ya presha na kutembea hadi sokoni. Uzito ulishuka polepole, kilo chache tu. Lakini chanjo ya surua mtoto aliipata kwa siku yake, na mama ndiye aliyenikumbusha.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akimwita mama mwenzako mzembe kwa sababu amesahau, muulize kwanza: amelala saa ngapi, amebeba nini, na nani anamsaidia? Ni swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza kabla ya kufungua mdomo.

Haba na haba hujaza kibaba. Anza leo kwa hatua moja. Mpaka tukutane tena katika mazungumzo yajayo, nakutakia afya njema, wewe na wote unaowalea.